Mwaka wa Usukani Mweusi

Ijumaa iliyopita, stendi ya Masasi, kondakta wa basi la Newala alinikabidhi kifurushi kirefu kilichoviringishwa gazeti na kufungwa kwa mpira wa tyubu. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu, ule wa kusahihishia, na hata kabla sijakifungua nilijua ni nini, kwa sababu kilikuwa chepesi kama hakina kitu ndani. Nilikifungulia hosteli, juu ya kitanda: nusu ya usukani wa baiskeli, mweusi, wa kaboni, mwisho mmoja laini kama ulivyotoka kiwandani, mwisho mwingine umechanika nyuzinyuzi kama muwa uliotafunwa. Na karatasi: "Zuhura, nimepata uhamisho, narudi kwetu Kilimanjaro. Hiki nimekaa nacho mezani miaka mitatu, nawaonyesha wanafunzi. Sasa kaeni nacho nyie." Nikachukua sarafu nikakigonga. Upande mzima kililia ti, ti, ti. Nilipokaribia pale palipochanika kikasema bu, mara moja, sauti ya kitu kilichokufa, na mimi nikainuka kitandani, nikaketi, nikainuka tena, nikatoka nje nikazunguka uwanja wa hosteli mara nne mpaka matroni akaniuliza nimepoteza nini.

Sikuwa nimepoteza kitu. Sauti ile niliisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na sita, Kidato cha Tatu, Newala, nikiishi kwa mjomba wangu Bakari, fundi baiskeli, kwa kuwa shule ilikuwa karibu na kwake. Sasa nina kumi na tisa, nasoma ufundi hapa Masasi, na najua wa umri wangu hawaandiki kumbukumbu. Lakini mwaka ule ninao wote, kwenye kaunta buku mbili za jalada la bluu ambazo kwa muda mrefu hakuna mtu aliyeziona. Nilikuwa mtu wa kunong'ona. Asubuhi mwalimu wa zamu akiita majina nilikuwa naitika "nipo", naye ananiandika sipo. Muhula wa kwanza ripoti yangu ilionyesha utoro wa siku kumi na moja, na sikuwa nimekosa hata siku moja. Chochote nilichoshindwa kusema mchana nilikiandika jioni kabla ya chakula, nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya banda la mjomba, nikisikiliza watu wasiojua kama nipo.

Banda lenyewe lilikuwa mbele ya nyumba, barabara ya kwenda sokoni: nguzo nne, bati, na boriti moja nene yenye kamba mbili zinazoning'inia. Mafundi wengine wakimaliza kazi wanampa mtu baiskeli yake aende. Mjomba alikuwa anaitundika. Anaipandisha kwenye zile kamba mpaka tairi ziache ardhi, anachukua spana namba kumi, anaanza kuigonga taratibu kutoka foko ya mbele mpaka nyuma, kichwa amekiinamisha, macho amefumba, na mtu yeyote aliyekuwa anaongea bandani ananyamaza mwenyewe. Fremu nzima inalia kama kengele. Penye ufa wa chini ya rangi, ambao jicho haliuoni, sauti inakatika. "Inalia," ndivyo alivyokuwa anasema akiridhika, neno moja tu, halafu anaishusha. Watu wa korosho walikuwa wanatoka nayo mbali, baiskeli imebeba magunia mawili, wanapita mafundi watatu njiani, ili tu yao igongwe na Bakari. Niliandika siku moja: "Mjomba hatengenezi baiskeli, anaziuguza." Nilijiona nimeandika kitu kikubwa sana.

Kuanzia mwezi wa tatu hivi nikaona mambo. Redio ilikuwa inapanda sauti kidogo kidogo, wiki hadi wiki, mpaka taarifa ya habari ya saa mbili tukawa tunaisikilizia chooni. Msikiti upo hatua hamsini kutoka bandani, lakini mjomba alianza kuondoka kwenda kuswali pale tu anapoona watu wanapita na kofia zao. Ukimsemesha kutoka kushoto anajibu. Kutoka kulia anatikisa kichwa. Alikuwa na namna nzuri sana ya kutikisa kichwa, polepole, kama mtu anayepima ulichosema na kukikubali, na ilinichukua wiki tatu kuelewa kwamba anakubali asichokisikia. Mkewe, Mama Fadhili, alikuwa ameshahama upande. Zamani kwenye mkeka wa chakula alikuwa anakaa kulia kwa mumewe, karibu na sufuria. Sasa anakaa kushoto na sufuria anaipitishia mbele ya watu wote. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, tukatazamana, kila mmoja anajua, na mwenye sikio anatafuna.

Nawaza sana sasa juu ya ukimya ule. Nikiwa kule niliuita adabu. Mpwa hamwambii mjomba wake kwamba amezeeka, tena mjomba wa kwetu, ambaye ndiye mwenye neno juu yako kuliko hata baba. Lakini ninaposoma yale madaftari naona adabu ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba ili anisikie ilibidi nipaze sauti, na kupaza sauti ndicho kitu nilichokuwa sikiwezi.

Mwalimu Kimaro alikuwa anatufundisha fizikia. Alikuwa mrefu, mweusi tii, anacheka na meno yote, na alikuwa na baiskeli ya chuma ya kijani aliyoinunua kwa mzee mmoja wa Ndanda, ya zamani kuliko yeye mwenyewe, fremu nyembamba, breki za waya, dinamo inayolia kama nyuki. Mkewe alikuwa muuguzi huko huko Ndanda, na Jumamosi mbili kwa mwezi mwalimu alikuwa anateremka nayo kutoka Newala, anashuka zile kona ambazo malori ya korosho yanashuka kwa gia ya kwanza, anapita Chiungutwa, anatokea Masasi, anaendelea mpaka kwa mkewe. Wenyeji walimwona kichaa. Mwezi wa sita, baridi ya Newala ikiwa imeshika na upepo unaleta harufu ya salfa inayopulizwa kwenye mikorosho, akaja bandani na boksi refu lililotoka Dar es Salaam kwa basi.

"Fundi, shikamoo. Leo nimekuletea kazi hujawahi kufanya."

"Marahaba, mwalimu. Hakuna baiskeli sijawahi kufanya."

Akafungua. Usukani mweusi, na bomba la kiti jeusi, vyote vya kaboni. Sudi, dereva wa bodaboda aliyekuwa anaegesha mbele ya banda na kuishi humo kuliko kwake, akachukua ule usukani kwa vidole viwili, akaupima.

"Mwalimu, wamekuuzia dumu hawa. Hii plastiki!"

"Siyo plastiki, Sudi. Ni nyuzi, zimeshikwa na gundi. Hata ndege zinatengenezwa hivi hivi."

"Basi ukifika kwenye kona utapaa."

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, lakini aliueleza kama darasani: chuma kinatetemeka, mikono inakufa ganzi njia nzima mpaka Ndanda, hii inameza mtetemo. Anataka fremu abaki nayo, maana ni nzuri, ila mikono yake na makalio yake viingie karne hii. Mjomba aliuchukua usukani, akaugeuza, akaunusa. Kisha akaugonga kwa kucha, akausogeza kwenye sikio la kushoto. "Haulii," akasema. "Unazungumza." Niliandika hilo pia.

Kazi ilichukua siku tisa, na sijawahi kumwona mjomba hatulii namna ile. Bomba la kiti lilikataa kuingia. Fremu ilikuwa na kutu ndani, akafunga msasa kwenye kijiti cha mwanzi akasugua siku mbili nzima, anatoa vumbi jekundu, anapuliza, anajaribu, linagoma, anasugua. Lilipoingia liliingia kwa pumzi, bila kupigwa nyundo, na akaita barabara nzima ije kuona. Usukani ndio ulikuwa na tabu nyingine. Shingo ya chuma iliyotakiwa kuubana ilikuwa pana kidogo kuliko wenyewe, usukani unacheza. Akakata kopo la soda, akazungusha bati lake mara moja, bado. Mara mbili, ukashika. Mchana anakula amesimama, tonge moja, anarudi bandani kuangalia. Mama Fadhili alilalamika kwamba mume wake ameoa baiskeli ya Mchaga. Nami nikitoka shule nilikuwa natupa begi nakwenda kushika taa, kushika waya wa breki, kushika chochote, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuipenda sauti ya vile vitu, kile cha kijani kinacholia na kile cheusi kinachozungumza.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo, imekunjwa mara nyingi, ya Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi. Siku ya nane mjomba akanipa. "Wewe ndiye msomi hapa. Wanasemaje?" Alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu, mimi nimesimama. Nilisoma, nikatafsiri, nikarudia kichwani kuhakikisha. Nikasema kwamba usikaze kama unavyokaza chuma, nguvu ya mkono tu, na usiongeze bomba kwenye spana, kwa sababu kitu hiki hakipindi, kinapasuka. Nilisema kwa sauti yangu ile ninayoitikia majina. Na nilikuwa nimesimama kulia kwake.

Akatikisa kichwa, polepole, vizuri kabisa.

Nilijua. Siwezi kujidanganya leo, imeandikwa kwa mkono wangu tarehe ile ile: "Nimemsomea upande mbaya. Kesho nitamsomea tena." Hatua mbili tu ningezunguka gurudumu. Lakini Sudi alikuwepo, na wateja wawili wako kwenye benchi, na kurudia maneno kwa nguvu kungekuwa kusema mbele yao kwamba mara ya kwanza hayakusikika. Nikaikunja karatasi nikairudisha kwenye boksi. Kesho yake nilichelewa kutoka shule kwa sababu ya zamu ya usafi, na nilipofika bandani mjomba alikuwa amevisha lile bomba lake la chuma kwenye spana, lile la kuongezea nguvu, mguu ameweka kwenye tofali, anakaza shingo ya usukani kama anavyokaza za wabeba korosho. Nikasikia tik. Ndogo. Ukivunja korosho iliyokaangwa vizuri, ule mlio wa ganda kabla hujaona mbegu, ndio huo. Watu wanne walikuwa bandani, na ni mimi tu niliyesikia, kwa kuwa Sudi alikuwa anaongea na mjomba alikuwa mjomba.

Akaitundika. Akaigonga. Watu wakanyamaza. Fremu ililia vizuri kupita baiskeli zote za mwaka ule. Akaja kwenye usukani, kushoto, ti, ti, ti. Akasogea katikati, karibu na shingo, bu. Akapita, ti, ti. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akafumbua macho.

"Inalia," akasema.

Mwalimu aliichukua jioni ile ile ya Alhamisi, akazunguka nayo uwanja wa mpira na watoto wanaikimbilia nyuma. Ilikuwa imependeza kwa kweli, kama mzee aliyevaa miwani ya jua ya mjukuu wake. Akatangaza kwamba Jumamosi asubuhi anaijaribu mteremkoni.

Nilikaa kwenye ndoo yangu nikashindwa kuandika. Upande wa pili wa ukuta wa fito, jikoni, Mama Fadhili alikuwa anachambua mbaazi, jirani aliyekuja kuomba moto ameshaondoka, na mjomba ameingia kunawa. Nilimsikia mkewe akimwambia kwa ile sauti ya juu aliyokuwa anaitumia anapodhani wapo wawili tu.

"Nenda Ndanda wakakuangalie hilo sikio, Baba Fadhili."

"Niende nani anione? Nusu ya Newala iko pale hospitali inasubiri namba."

"Na likifa kabisa?"

"Bado lipo la pili."

"Siku wakijua fundi Bakari hasikii, nani atakuletea baiskeli uigonge? Watakwenda kwa wale vijana wa stendi."

Mbaazi zikaanguka kwenye sinia, moja moja. Kisha mjomba akasema, taratibu kiasi kwamba nilibandika sikio kwenye ukuta: "Ndiyo maana siendi."

Basi ikawa hivyo. Nikimwambia mwalimu peke yake, nimekwenda kumvua mjomba nguo kwa mteja. Nikimwambia mjomba, lazima nipige kelele, na banda halina mlango. Nikinyamaza, mtu anashuka kona zile ameshika kitu kilichopasuka. Ijumaa sikula asubuhi wala mchana. Nilikwenda ofisi ya walimu mara tatu. Mara ya kwanza nilifika mlangoni nikarudi. Mara ya pili alikuwepo mwalimu wa nidhamu, nikajifanya nimefuata chaki. Mara ya tatu Mwalimu Kimaro alikuwa peke yake, anasahihisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Zuhura, una shida?"

"Hapana, mwalimu."

Akasubiri. Nikatazama kalamu yake nyekundu. "Mwambie fundi nimelala vizuri jana," akasema, "mikono haijafa ganzi hata kidogo." Nikasema nitamwambia. Nikatoka, na nje ya ofisi nikajipiga kofi, kweli kabisa, shavu la kushoto, na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akaniona akakimbia. Jioni nilitoka nyumbani kwenda bombani bila dumu. Nikarudi. Nikatoka tena. Mama Fadhili akaniuliza kama nina homa.

Jumamosi nilifanya kitu cha kijinga kwanza. Mwalimu alipita bandani mapema kuongeza upepo na kuaga, akaegesha baiskeli, akaingia ndani kusalimia. Nami nikachomoa valvu ya tairi la mbele nikaitia mfukoni mwa sketi. Alipotoka na kukuta tairi limelala, mjomba akacheka, akavuta kopo lake la valvu, lina valvu kama hamsini, akaweka nyingine, akapiga pampu. Haikuchukua hata dakika tatu. Ile niliyoiiba ilikuwa inanichoma pajani. Na mwalimu akavaa kofia yake ngumu, na watu wamejaa, Sudi anamuuliza kama anataka tumwandikie wosia, na mjomba kwa furaha tu, kwa kuwaonyesha watu, akachukua spana namba kumi akagonga ule usukani mara ya mwisho, kushoto kwenda kulia.

Ti, ti, bu, ti.

"Mjomba," nikasema.

Hakugeuka. Nilikuwa kulia tena. Mpaka leo sijui kwa nini miguu yangu ilikuwa inanipeleka upande ule.

"Mjomba."

Mwalimu akapandisha mguu kwenye pedali. Na mimi nikasikia kitu kinatoka kifuani ambacho sikukitambua kuwa ni changu, kilipita banda, kilipita barabara, mama muuza vitumbua ng'ambo akageuka na mwiko mkononi.

"MJOMBA! IMEPASUKA! INASEMA IMEPASUKA NA WEWE HUSIKII!"

Pampu ilidondoka peke yake. Sudi ndiye aliyeanza, kwa mshangao wa kweli: "Kumbe huyu binti ana spika ndani." Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanamtazama mjomba, na mjomba alikuwa ananitazama mimi, na nikaona uso wake ukienda sehemu tatu: hasira, halafu kitu kama aibu, halafu ile sura ya kazi, macho yamefifia kidogo. Akanipa spana namba kumi. Yeye akachukua spana nyingine ndefu, akaegemeza mwisho mmoja kwenye usukani na mwisho wa pili kwenye mfupa wa nyuma ya sikio lake la kulia, mbele ya watu wote, akainama asikie kwa mfupa.

"Gonga," akasema.

Nikagonga. Ti. Ti. Nikafika karibu na shingo, nikagonga. Bu.

"Tena."

Bu.

Akasimama. Akafungua nati, akauchomoa usukani, akafunua lile bati la soda. Ufa ulikuwa urefu wa ukucha, mweupe, mwembamba kama unywele. Akauweka usukani kwenye tofali, akakanyaga upande mmoja, akavuta upande wa pili juu kwa mikono miwili, naye si mtu mkubwa. Ukakatika kwa mlio ambao hata yeye aliusikia. Mwalimu Kimaro alikuwa bado ameshika baiskeli isiyo na usukani. Aliangalia vile vipande, akaangalia upande barabara inakoshukia, akavua kofia akaikalia.

"Nilikaza kama chuma," mjomba akamwambia. "Na nilipougonga sikuusikia. Sikio hili la kulia limekufa. Mwaka wa pili sasa, na la kushoto limeanza kulifuata." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema fremu fulani haifai. Kisha akaufuata ule usukani wa zamani wa chuma nyuma ya pipa, akaurudisha, akahamisha breki, akaikaza, akaitundika. Akaigonga mwenyewe, spana nyingine nyuma ya sikio. Hakusema "inalia". Alinitazama, nikatikisa kichwa kukubali, akaishusha. Mwalimu akateremka kwenda kwa mkewe na mikono yake ya ganzi, na nusu ya usukani mweusi kwenye kikapu.

Ningependa kuandika kwamba kuanzia siku ile mambo yalikaa sawa. Wiki tatu mjomba hakuniita jina. Akitaka maji anamwambia Mama Fadhili, Mama Fadhili ananiambia mimi, na wote tumekaa mkeka mmoja. Wateja wengine walihama kweli. Niliwaona wakipita na baiskeli zao kwenda stendi, wanamsalimia mjomba huku wameongeza mwendo. Usiku sikuwa nalala vizuri na mchana darasani nilikuwa natingisha mguu mpaka dawati linahama. Nilijiuliza kama ningeweza kusema vile vile bila yale maneno ya mwisho. Imepasuka, basi. Lile "husikii" ningeliacha. Najiuliza hilo hata leo, na jibu linabadilika kulingana na siku.

Halafu msimu wa korosho ukaanza, baiskeli zikawa nyingi, na alasiri moja nimetoka shule nikamkuta ameitundika ya mzee wa kutoka bondeni, amesimama na spana mkononi, hagongi. Hakunigeukia. "Nani atasikiliza hii?" akaiuliza baiskeli. Nikaweka begi chini. Yeye akagonga, mimi nikafumba macho. Nilipomaliza nikasema "inalia", akanikunjia uso kwa sababu hakusikia, nikasema tena, kwa nguvu, na yule mzee kwenye benchi akaruka. Mpaka namaliza Kidato cha Nne nilikuwa naandikwa nipo kila asubuhi.

Jumamosi, siku iliyofuata baada ya kifurushi, nilipanda Newala nacho. Mjomba sasa masikio yote mawili yameziba. Alikwenda Ndanda mwishowe, wakamsafisha, wakampima, wakamwambia amechelewa. Bandani yuko kijana wa stendi aliyemfuata kujifunza kugonga, na mjomba bado ana ile spana ndefu, mfupa wa nyuma ya sikio umeota sugu. Tunaongea kwa kuandika. Nilimnunulia kaunta buku yake, ya jalada la bluu. Mimi naandika, yeye anasoma kwa kidole, kisha anajibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa kupita kiasi kwa kuwa haisikii sauti yake mwenyewe, na barabara nzima inapata habari zetu. Tulikaa kwenye benchi, kipande cha usukani kimelala kati yetu. Mama Fadhili alituletea viazi vya kuchemsha na chai. Nilishika kalamu muda mrefu. Kisha nikaandika kitu ambacho miaka mitatu kilikuwa kwenye daftari langu na hakikuwahi kufika kwenye lake: "Ile karatasi nilikusomea upande wa kulia. Nilijua hukusikia. Nikanyamaza."

Akasoma. Kidole kilifika mwisho, kikarudi mwanzo, kikasoma tena. Akafunga daftari, akaliweka juu ya kipande cheusi, akatazama barabarani.

"MIMI NILIONA MDOMO WAKO UNATEMBEA!" akasema, na muuza vitumbua akageuka, na kijana wa stendi akaacha kazi. "NILIJUA UNASOMA KITU CHA MAANA! NILIONA HAYA KUKWAMBIA RUDIA!"

Kisha akanisogezea kikombe cha chai, na mimi nikahama, nikakaa kushoto kwake, ingawa siku hizi hakuna tofauti.